Muuguzi wa zamu anauliza: gemu gani ya mbinu kwa PS4 yetu?

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 31. Naishi Tabata na mume wangu, mtoto wetu wa miaka minne, na mdogo wangu wa kiume ambaye ametoka JKT na mwezi ujao anaenda Dodoma kuanza chuo.

Sebuleni tuna PS4. Mume wangu aliinunua kwa mtu, haijawahi kufunguliwa ndani wala kuchakachuliwa, na CD inasoma vizuri. Kazi yake mpaka leo ni mpira tu. Jumamosi marafiki zake wanakuja, wanapokezana padi mpaka saa nne usiku. Mpira wa kwenye gemu haujawahi kunishika. Nilichokipenda nilikutana nacho chuoni, kwenye simu, kupitia PPSSPP, programu ya kuchezea gemu za PSP: Final Fantasy Tactics: The War of the Lions. Nilikuwa naicheza kitandani bwenini, wenzangu wamelala. Kila mtu wangu nilikuwa nimempa kazi yake, huyu mganga, yule mpiga mishale, nawasogeza mraba kwa mraba na kufikiria adui atajibu vipi. Nilifika mbali ila sikuimaliza. Simu iliharibika na kila kitu kikapotea.

Mwezi huu nimepokea mchezo wetu wa kazini na nimetenga laki moja na nusu kwa ajili yangu mwenyewe. Nataka gemu moja ya aina ile, ambayo sijawahi kuicheza. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ana yake. Mdogo wangu anataka Divinity: Original Sin 2 ili tucheze wawili. Muuzaji mmoja Kariakoo aliniambia Fire Emblem ndiyo mfalme wa gemu hizi. Mwenzangu wodini anasema XCOM 2. Mtandaoni wote wanaimba Baldur's Gate 3. Mume wangu anasema bora hela hiyo tununue gemu mpya ya mpira ambayo nyumba nzima itaicheza, kwa sababu gemu ya kusoma maneno na kukaa unawaza ni sawa na kufanya mtihani. Yeye mwenyewe jioni hakosi kijiweni kwenye drafti.

Muda wangu wa kucheza ni usiku nikitoka zamu ya mchana, saa moja au mawili, tena si kila siku. Umeme nao mtaani kwetu hukatika bila taarifa.

Lipo jambo jingine ambalo naona aibu kidogo kulisema. Kazini naona watu wakifariki. Kwenye ile gemu ya simu niliwahi kumpoteza mganga wangu niliyemlea tangu mwanzo, na nilishinda siku nzima nina uzito moyoni. Sitaki gemu isiyo na hatari yoyote, maana raha yake itakuwa wapi? Lakini sitaki pia kutoka wodini nije nyumbani kuzika watu wengine.

Ninunue ipi?

Muuguzi, Tabata

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole na kazi.

Nunua Tactics Ogre: Reborn. Nakwambia mapema ili usisome barua nzima ukiwa roho juu, kisha nikueleze kwa nini, maana waliokushauri wote wamekutajia gemu nzuri. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza wewe utaicheza saa ngapi, kwenye mashine ipi, na ukiwa umetoka kuona nini.

Mashine yenyewe inapunguza orodha. Fire Emblem ni ya Nintendo. Three Houses ya 2019 na Engage ya 2023 zipo kwenye Switch, PS4 hazijawahi kufika, kwa hiyo muuzaji yule alikuwa anakupeleka kununua mashine nyingine. Baldur's Gate 3 ya 2023 ni kubwa kwa kila maana na sifa zake ni za haki, lakini ipo PS5, Xbox Series na kompyuta. Laki na nusu yako haiwezi kuifikisha sebuleni kwako. Hizo mbili zisikuumize kichwa tena.

Sasa nije kwenye hilo uliloona aibu kulisema, kwa sababu ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Usilionee aibu. Gemu hizi zinatofautiana sana katika namna zinavyomchukulia mtu anayeanguka vitani, na kwa mtu wa kazi yako hicho ndicho kipimo cha kwanza, kabla hata ya picha na bei.

XCOM 2 ya mwaka 2016 ni gemu bora, na mwenzako wodini hakukosea kuisifu. Dunia imetawaliwa na wageni kutoka anga za mbali kwa miaka 20, nawe unaongoza wapiganaji wachache wa kichinichini. Unawapa majina, unawavalisha, unawaona wanapanda vyeo. Kisha mmoja anapigwa risasi na hutamwona tena. Ndani ya chombo chenu kuna hata ukuta wa kumbukumbu wenye majina ya waliokufa. Zaidi ya hapo, mapigano yake mengi yanakuhesabia zamu: usipomaliza kazi ndani ya zamu ulizopewa, umeshindwa. Kuna watu wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwako wewe, saa tatu usiku, baada ya siku ya wodini, sikushauri.

Ile uliyocheza kwenye simu unaikumbuka. Mtu akianguka, namba inatokea juu yake, inahesabu kutoka tatu, na usipomfikia kwa wakati anabaki kioo au sanduku pale uwanjani. Tactics Ogre inafuata mtindo huo huo, na si kwa bahati. Yasumi Matsuno ndiye aliyeongoza utengenezaji wa Tactics Ogre ya kwanza iliyotoka Japani mwaka 1995, kisha akahamia kampuni ya Square na kuongoza Final Fantasy Tactics ya mwaka 1997. Kwa hiyo kile kilichokukamata pale bwenini, miraba, kazi za watu, vilima vinavyompa mpiga mishale nafasi, vita vya wakubwa vinavyowaangukia wadogo, mzizi wake uko huku. Reborn ni toleo lililosukwa upya na kutoka Novemba 2022 kwa PS4, PS5, Switch na kompyuta, wahusika wakizungumza kwa sauti.

Kilichonifanya niichague kwa ajili yako ni kadi moja iliyomo ndani yake, inaitwa Chariot Tarot. Ukiwa katikati ya vita unaweza kurudi nyuma hadi hatua 50, ukaona ni wapi ulimwacha mganga wako peke yake mbele ya askari wenye panga, ukamsogeza mahali pengine. Mtu akianguka bado unazo zamu tatu za kumwokoa, na zikipita anakufa kweli, hatari ipo palepale. Ila kosa la uchovu halikuhukumu papo hapo. Unapewa nafasi ya kulitazama tena. Nadhani unajua kuliko mimi jinsi nafasi ya namna hiyo inavyotamaniwa na watu wa kazi yako. Tena adui wenyewe si lazima wauawe wote: ukiwa na ujuzi unaofaa unaweza kumshawishi askari wa upande wa pili aje kwako, na akiwa amejeruhiwa anashawishika kwa urahisi zaidi. Nina hakika utakuwa mchezaji wa kushawishi.

Sitakuficha kwamba hadithi yake ni nzito. Ni visiwa vya Valeria, mfalme amekufa, na watu wa Walister, Galgastani na Bakram wanaparurana kugombea nchi. Wewe ni Denam, kijana wa Walister ambaye baba yake alichukuliwa na wavamizi. Mwishoni mwa sura ya kwanza utapewa amri, na jibu lako litaigawa hadithi njia tofauti. Sitasema zaidi. Nasema tu kwamba ni hadithi ya watu wa kawaida wanaogeuzwa chambo na viongozi wao, na inalisema jambo hilo bila kulipamba. Kama ungeniambia unataka kucheka tu, ningekupeleka kwingine. Lakini ulichoniandikia ni kwamba hutaki gemu isiyo na hatari, nami nimekuamini. Njia ambazo hukuzichagua hazipotei: ukishaimaliza unaweza kurudi kwenye njia panda na kuona ungefika wapi ungejibu vingine.

Uzito wa pili ni wa mapigano yenyewe. Hakuna sehemu ya kuchagua iwe rahisi au ngumu, na kikosi chako kina kikomo cha levo kinachopanda kadiri hadithi inavyokwenda. Huwezi kukaa wiki nzima unafanya mazoezi ili uwapite maadui kwa nguvu. Ukishindwa, unabadilisha silaha, unabadilisha watu, unapanga upya. Kabla ya kuingia vitani unaweza kupeleleza uwanja na kuona nani yuko wapi, basi fanya hivyo kila mara. Vita dhidi ya wakubwa huwa virefu, nusu saa na zaidi, hivyo usivianze saa tano usiku ukiwa na zamu ya asubuhi.

Kuhusu mdogo wako: Divinity: Original Sin 2 ni chaguo la kijana mwenye macho. Kwenye PS4 watu wawili wanacheza pamoja, televisheni moja imegawanywa, kila mtu na padi yake. Mafuta yakimwagika yanawaka, maji yakiguswa na umeme yanapiga wote waliosimama ndani yake, na mnabaki mnabishana nani amemwagia nani moto. Lakini ni gemu ndefu mno, na yeye anaondoka mwezi ujao. Mtakuwa hamjafika katikati, chuo kimefunguliwa, na wewe umebaki na hadithi ya watu wawili unayoicheza peke yako. Mwambie ainunue yeye siku moja akipata mwenza wa kukaa naye hukohuko Dodoma.

Kwa mwezi huu mliobaki nao, fanyeni hivi. Tactics Ogre inapeleka vitani hadi watu 12. Gawaneni kikosi, yeye asimamie nusu, wewe nusu, na padi ihame mkono kila zamu ya mtu inapofika. Gemu yenyewe haikuwekewa wachezaji wawili, ila hakuna kinachowazuia kukaa kochi moja na kupanga pamoja. Akiondoka, kikosi ni chako chote na hakuna kilichoharibika.

Umeme na muda sasa. Gemu inajihifadhi yenyewe, lakini usitegemee hilo peke yake, hifadhi kwa mkono kila ukimaliza vita. Ukimaliza kucheza zima PS4 kabisa, usiiache kwenye hali ya kupumzika. Ikiwa pale bado inatumia umeme, na ukikatika ghafla, kesho yake mashine itaanza kwa kukagua diski yake na kukulalamikia kwamba haikuzimwa vizuri. Fungua jina lako mwenyewe la mtumiaji, tofauti na la mume wako, ili hadithi yako isichanganyike na mpira wa Jumamosi. Na kwa kuwa umeshapoteza hadithi nzima mara moja pamoja na simu, chukua flashi ya kawaida: PS4 inakuruhusu kunakili faili zako kwenye flashi kupitia mipangilio, na haikudai malipo ya mwezi wala bando. Ifanye iwe desturi ya mwisho wa wiki.

Wewe unakaa siku kadhaa bila kugusa padi, nawe utahofia kusahau nani ni nani. Ndani ya menyu kuna kitu kinaitwa Warren Report. Kinakusanya watu, habari na matukio yote uliyopitia, unasoma dakika chache unarudi mahali pako. Kiingereza chake kina ukale kidogo, kama kile cha War of the Lions ulichokimudu. Huyo mtoto wa miaka minne awe amelala, kuna damu na maneno mazito humo.

Mume wako. Hoja yake kwamba gemu ya nyumba ichezwe na nyumba ina maana, na ningeiunga mkono kama hela ingekuwa ya nyumba. Hii umeitenga kwenye mchezo wako, kwa ajili yako, na ulivyoiandika barua naona umekaa muda mrefu bila kununua kitu cha aina hiyo. Kuhusu mtihani, yeye mwenyewe jioni anainamia ubao wa drafti, anashika kidevu, anahesabu akisogeza hiki mwenzake atakula kipi. Unachokitaka wewe ni hicho hicho, ila kimewekewa hadithi. Mwambie hivyo kwa upole, siku isiyo na mechi. Halafu usimwombe gemu, mwombe televisheni: usiku fulani na fulani baada ya taarifa ya habari, uwe wako. Hilo ndilo linaloweza kuleta ugomvi nyumbani, CD haitaleta. Na akipita nyuma ya kochi akauliza huyo mwenye mkuki anafanya nini, mjibu.

Huenda unajiuliza kwa nini sikukurudisha kwenye ile uliyoiacha njiani. Final Fantasy Tactics imetoka upya tarehe 30 Septemba 2025 kwa jina la The Ivalice Chronicles, na PS4 imo. Ina sauti, inajihifadhi yenyewe, na ina viwango vya ugumu vya kuchagua. Lakini uliniambia unataka usiyoijua. Pia kuna nyongeza za War of the Lions ulizozikuta kwenye simu, kama kumpata mhusika aitwaye Balthier, ambazo humu hazimo. Iwe ya mwakani. Ukishamaliza Valeria utamrudia Ramza, yule mhusika mkuu wa gemu yako ya simu, ukiwa na macho mengine kabisa, na bei nayo huenda imeshuka.

Ukienda Kariakoo, usiende jioni ya Jumamosi ambapo hakuna mtu ana muda na wewe. Tazama kasha: linalokufaa lina ukanda wa bluu juu wenye maandishi PS4. Lenye ukanda mweupe ni la PS5 na CD yake haisomi kwenye mashine yako, hata muuzaji akiapa. CD zenyewe hazifungwi kwa nchi, iwe imetoka Ulaya au Marekani itacheza, ila soma nyuma ya kasha uhakikishe lugha ni Kiingereza. Omba waiweke kwenye mashine ya dukani mpaka uone menyu. Ilipotoka iliuzwa dola 50 za Marekani hivi, kwa hiyo laki na nusu yako inaweza kutosha, na iliyotumika inatakiwa iwe chini ya hapo. Akikupa gemu iliyo kwenye akaunti ya mtu mwingine kwa bei ya kutupa, kataa. Siku mwenye akaunti akibadilisha neno la siri, gemu imekwenda. Ukiamua kununua kwa kupakua, kadi ya vocha ya PlayStation lazima iwe ya nchi ile ile ya akaunti yako, vinginevyo umenunua karatasi.

Ukizunguka na usiipate, chaguo langu la pili ni Unicorn Overlord ya Machi 2024, nayo ipo PS4. Haina miraba. Unaunda vikosi vidogo, unavituma kwenye ramani, na wanapokutana na adui wanapigana wenyewe kwa maagizo uliyowawekea kabla: tumia pigo hili adui akiwa na deraya, ponya fulani damu ikishuka. Walioanguka wanarudi vita vikiisha, unaweza kuchagua ugumu, na picha zake zimechorwa kwa mkono zikapendeza mno. Hadithi yake ni nyepesi kuliko ya Valeria, ndiyo maana nimeiweka ya pili kwako. Ilipotoka bei ilikuwa dola 60 hivi, kwa hiyo usiilipie kabla hujaijaribu. Ina demo, yaani toleo la kujaribia, ya bure ya hadi saa tano, na ukija kununua gemu kamili unaendelea pale ulipoishia. Mwombe mdogo wako aipakue usiku mmoja kabla hajaondoka, mkae naye muijaribu.